Kompyuta Nzito ya Mwanafunzi wa Tiba: Pima Kabla ya Kusafisha

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Afrika Kusini. Kwa siku kadhaa intaneti ya Tanzania ilijikokota. Wahandisi walijua sababu. Mtu aliyeketi mbele ya kioo cha kompyuta yake hakuwa na njia ya kuijua upesi. Kwa mwanafunzi wa uuguzi aliye katika mafunzo kwa vitendo Bombo au Muheza, ukurasa usiofunguka hufanana kabisa na mashine iliyochoka, na tiba anazozikimbilia ni zilezile za siku zote: kufuta mafaili, kupakua programu ya bure inayojiita kisafishaji, au kuitia mashine mfukoni na kuipeleka kwa fundi katika barabara za namba za Ngamiani. Hakuna hata moja kati ya tiba hizo ambayo ingeweza kuunga waya uliokatika baharini.

Uzito wa kompyuta ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Katika mwambao huu, ambako malaria imeugua watu na kutafitiwa kwa miongo mingi huko Amani na Muheza, hakuna tena tabibu anayesifiwa kwa kumpa kila mwenye homa dawa ya malaria bila kipimo. Lakini tabibu huyohuyo, kompyuta yake ikiganda, huitibu kwa kubahatisha. Makala haya yanapendekeza aitendee mashine yake kama anavyomtendea mgonjwa: aulize, apime, kisha atibu lile alilolikuta.

Huenda msomaji akauliza kwa nini jarida la tiba lishughulike na mambo ya mafundi. Jibu lipo dirishani pa mapokezi. Nchi hii, ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta, leo inazipeleka takwimu za vitabu vya MTUHA katika mfumo wa kielektroniki wa DHIS2, na katika vituo vingi vya serikali mgonjwa huandikishwa, hutozwa na huagiziwa vipimo kupitia mfumo wa GoTHOMIS. Mama aliyeondoka Maramba alfajiri na mtoto mgongoni, akafika mjini jua limeshapanda, huambiwa maneno mawili ambayo kila mgonjwa wa Tanzania anayafahamu: mfumo unasumbua. Mara nyingine ni kweli mtandao umekatika. Mara nyingine mfumo ni mzima, ila kompyuta iliyo mbele ya mhudumu imejaa programu tano zinazogombea kumbukumbu moja ndogo. Tofauti hiyo ina maana kwa mama yule, kwa sababu hali ya kwanza haiko mikononi mwa mhudumu, nayo ya pili iko.

Mwanafunzi naye ana lake. Tasnifu, ripoti za mafunzo, mwongozo wa taifa wa matibabu, machapisho yanayopatikana kupitia HINARI, mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2002 ili nchi zenye kipato kidogo zisome majarida ya tiba: vyote hivyo vinakaa katika kompyuta mpakato moja, aghalabu ya mtumba, iliyonunuliwa kwa fedha za mkopo au mchango wa ukoo. Ikifa wiki mbili kabla ya kukabidhi tasnifu, si mashine tu iliyokufa.

Kipimo cha dakika tano

Ili kujua uzito unatoka wapi, fikiria chumba cha kumbukumbu cha hospitali. Kuna rafu zenye majalada yote. Hizo ndizo diski. Kuna meza ambayo juu yake huwekwa majalada yanayotumika sasa hivi. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya muda, yaani RAM. Na kuna karani, ambaye ni prosesa. Karani anaweza kuwa hodari, lakini akipewa meza ya upana wa sinia atatumia siku nzima kurudisha majalada rafuni ili apate nafasi ya kuweka mengine. Anaweza pia kuwa na meza pana, lakini rafu zikawa ghorofa ya pili na ngazi ikawa mbovu. Aidha, anaweza kuwa na kila kitu, ila chumba kina joto kiasi kwamba anafanya kazi kwa kujipepea. Mtu wa nje huona jambo moja tu katika hali zote tatu: foleni haisogei.

Kipimo chenyewe ni rahisi, na kimo ndani ya kila kompyuta ya Windows. Kwanza iwashe upya kwa kuchagua amri ya kuanzisha upya. Kuizima na kuiwasha hakutoshi, kwa sababu tangu Windows 8 kuzima kwa kawaida huhifadhi sehemu ya hali ya awali ili mashine iwake haraka, na takataka za jana huamka nayo. Ikishawaka, subiri dakika tano bila kufungua chochote. Kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litakalofunguka lina safu zinazoonyesha asilimia ya matumizi ya prosesa, kumbukumbu, diski na mtandao.

Diski ikiwa asilimia 100 kwa dakika nyingi ilhali hujafungua kitu, rafu ndiyo yenye tatizo. Kumbukumbu ikiwa imepita asilimia 85 kabla ya kazi kuanza, meza ni ndogo au kuna waliovamia meza. Prosesa ikifanya kazi kwa nguvu bila kuamriwa, tafuta katika orodha ni programu gani inayoituma. Ama ni sasisho halali linalomalizika baada ya muda, ama ni mgeni asiyealikwa. Safu zote zikiwa tulivu na kurasa bado hazifunguki, kompyuta yako haina ugonjwa: jaribu ukurasa uleule kwa simu iliyo katika mtandao mwingine, nawe utajua iwapo ni bando, ni mnara, au ni bahari.

Usifute kwanza

Kabla ya kugusa chochote, toa nakala rudufu. Wataalamu wa hifadhi ya data wana kanuni ya tatu, mbili, moja: nakala tatu za kazi yako, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe mahali pengine. Kwa mwanafunzi wa Tanga hii ina maana ya kuwa na nakala ndani ya kompyuta, nyingine katika diski ya nje iliyofungiwa kabatini, na ya tatu katika hifadhi ya mtandaoni. Tasnifu ya maneno matupu ni faili dogo kuliko video moja ya harusi, na bando la kawaida linaitosha. Tutaona baadaye kwamba data za wagonjwa zina kanuni tofauti.

Iko hali moja ambayo kusafisha ni hatari. Diski ya kuzunguka ikianza kutoa mlio wa kugonga, au mafaili yakianza kufunguka kwa shida na mengine kukataa kabisa, au kompyuta ikizimika yenyewe na kurudi na kioo cha buluu, usiendeshe programu yoyote ya usafi. Diski hiyo iko mahututi, na kila dakika ya kuisumbua inapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo. Nakili lililo muhimu zaidi kwanza, kisha linalofuata, na uache mengine. Umeme wa kukatikakatika huzidisha tatizo hili, hasa kwa kompyuta ambayo betri yake imekufa na inategemea waya wa ukutani peke yake: kila umeme unapokatika, diski huzimwa ghafla katikati ya kuandika. Kwa sababu hiyo betri mpya mara nyingi ni ununuzi wa busara kuliko wengi wanavyodhani.

Nakala zikishakuwa salama, usafi wenyewe hauna miujiza. Watu wa Tanga wana msemo wao mashuhuri, waja leo waondoka leo. Programu za kompyuta hazijausikia. Huja na kila kitu unachopakua, hujisajili ziamke pamoja na mashine, na hazioni sababu ya kuondoka. Katika dirisha lilelile la kipimo kuna ukurasa wa programu zinazoanza na kompyuta. Zizime zote usizozihitaji kila asubuhi: za kupiga simu za video, za michezo, za kusubiri printa ambayo huna tena. Acha ya kuzuia virusi na zile za sauti na kioo. Hatua hii peke yake huipunguzia kompyuta ya mtumba mzigo mkubwa, wala haigharimu hata shilingi.

Baada ya hapo angalia nafasi ya diski. Diski iliyojaa hadi ukingoni huikosesha Windows mahali pa kuweka mafaili yake ya muda, kwa hiyo jitahidi kubakiza angalau asilimia 15 au 20. Mhalifu mkuu, kwa uzoefu wa wengi wanaozihudumia mashine za wanafunzi, hayuko mbali: ni folda ya vitu vilivyopakuliwa pamoja na picha na video za makundi ya WhatsApp, zinazojihifadhi kila siku bila kuulizwa. Hamisha au futa, halafu safisha pipa la taka, maana faili lililo pipani bado limekalia nafasi. Programu ya kusafisha hifadhi iliyomo ndani ya Windows itaondoa mabaki ya masasisho ya zamani. Folda ya Windows yenyewe isiguswe kwa mkono, hata kama jina la faili halieleweki; majina mengi ya ndani ya mwili wa binadamu nayo hayaeleweki kwa mgonjwa, na hatuyatoi kwa sababu hiyo.

Kuhusu kivinjari, nasema kifupi: vichupo arobaini vilivyofunguliwa ili visomwe kesho havitasomwa kesho. Vihifadhi kama alama, uvifunge.

Bahari, joto na vumbi

Vitabu vingi vya kompyuta vimeandikwa kwa ajili ya vyumba vya baridi. Mwambao wetu una mambo yake. Prosesa ikipata joto kupita kiasi, kwa kawaida inapokaribia nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Kwa mtumiaji, kompyuta huanza vizuri asubuhi na kuwa nzito ifikapo adhuhuri, na akiipumzisha hupona. Mara nyingi historia hiyo peke yake inatosha kukuelekeza kwenye joto. Watengenezaji wengi huzipangia kompyuta mpakato hewa isiyozidi nyuzi 35. Katika miezi ya kaskazi, kabla ya masika, chumba chenye bati lisilo na dari huko Makorora au Mwanzange kinaweza kufika hapo bila msaada wa mashine yoyote.

Kinachoongeza joto ni vumbi lililoziba njia ya hewa. Feni huvuta uchafu wa chumba pamoja na nyuzi za nguo na godoro, na baada ya miaka miwili mitatu tundu la kutolea hewa huwa kama limewekewa pamba. Anayeitumia kompyuta juu ya kitanda huiziba kwa upande wa chini pia. Iweke juu ya meza, au juu ya ubao mgumu, na iinue nyuma kidogo. Vumbi la ndani litolewe na fundi anayejua kuifungua, kwa hewa kavu, feni ikiwa imeshikwa isizunguke, na grisi inayopitisha joto kati ya prosesa na chuma chake ibadilishwe kama imekauka. Usipulize kwa mdomo. Pumzi ina maji.

Chumvi ni adui wa polepole zaidi. Hewa ya Raskazone, Pangani au vijiji vya Mkinga vyenye mashamba ya chumvi hubeba unyevu wenye chumvichumvi unaotia kutu kwenye viunganishi vya chuma. Dalili zake ni za kuzuka na kutoweka: flashi inasomwa leo na kukataliwa kesho, chaja inashika ukiishikilia kwa pembe fulani, RAM inapotea na kurudi. Fundi huzitoa sehemu hizo, huzisafisha kwa spiriti yenye nguvu ya asilimia 90 au zaidi na kuzirudisha zikiwa kavu. Spiriti ya wodini ya asilimia 70 haifai ndani ya mashine kwa sababu sehemu yake kubwa iliyobaki ni maji. Tahadhari nyingine ni kwa anayetoka katika chumba chenye kiyoyozi kikali na kuingia kwenye joto la nje: mvuke huganda juu ya chuma baridi kama unavyoganda juu ya chupa ya soda, na ni vema kuiacha mashine nusu saa ndani ya mfuko wake kabla ya kuiwasha.

Nikiwa kwenye spiriti, niseme neno kwa wahudumu wa wodi. Kwa upande wa nje ile ya asilimia 70 inafaa, ikiwa imelowesha kitambaa kidogo tu na mashine imezimwa. Kibodi ya wodini hushikwa na mikono mingi kuliko kitasa cha mlango. Utafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina uliochapishwa mwaka 2006 ulijaribu vitakasa kadhaa juu ya kibodi na kukuta kwamba vyote, hata maji safi yaliyotakaswa, viliondoa au kuua zaidi ya asilimia 95 ya bakteria waliopimwa, na kibodi hazikuharibika baada ya kufutwa mara 300. Kumbe kinachohitajika zaidi ni mtu wa kufuta. Jiki isitumike, hula chuma na kufifisha herufi. Na kunawa mikono kabla ya kurudi kwa mgonjwa hakuna mbadala.

Kuna chanzo kimoja cha uzito ambacho mafundi wenyewe hukisahau, nacho ni chaja. Baadhi ya kompyuta, za Dell zikiwamo, zikiunganishwa na chaja zisizoitambua hupunguza kasi ya prosesa kwa makusudi. Mwanafunzi aliyenunua chaja ya bei nafuu baada ya ile ya asili kuungua anaweza kufuta kila kitu alicho nacho na bado asione nafuu. Chomoa chaja, tumia betri kwa dakika chache, linganisha.

Steshenari, flashi na dawa bandia

Wanafunzi hupeana slaidi, mitihani ya zamani na vitabu kwa flashi, na flashi zote hupita mahali pamoja: steshenari ya kuchapisha karibu na chuo. Kompyuta ya steshenari ni kama kisima cha jamii. Virusi vinavyoonekana sana huyaficha mafolda yako na kuweka mahali pake alama za mkato zenye majina yaleyale. Ukibofya alama hiyo, unaviruhusu viingie. Anayeona hivyo hudhani kazi yake imepotea na hukubali flashi ifomatiwe. Isifomatiwe haraka. Mara nyingi mafaili yamo, yamefichwa tu, na yanaonekana ukiiamuru Windows ionyeshe mafaili yaliyofichwa, baada ya flashi kukaguliwa na programu ya kuzuia virusi. Kazi ya kuchapisha ni bora itumwe kwa barua pepe au ipelekwe katika flashi isiyobeba kitu kingine.

Windows za sasa zina kinga yake ya ndani, na kwa mwanafunzi inatosha maadamu inasasishwa. Kuweka programu mbili za kinga ni sawa na kuwapa walinzi wawili lango moja, kila mmoja akimkagua mwenzake: mashine huwa nzito na usalama hauongezeki. Visafishaji vya bure navyo vina historia ya kutisha. Kati ya Agosti na Septemba 2017 toleo moja la CCleaner, programu ya usafi iliyokuwa mashuhuri duniani kote, lilisambazwa likiwa limepachikwa programu hasidi, likawafikia watumiaji wapatao milioni 2.27 kutoka kwenye tovuti halali ya wenyewe. Ikiwa chanzo halali kiliweza kuchafuliwa hivyo, sijui tuseme nini juu ya matoleo yaliyovunjwa ulinzi yanayouzwa kwa kunakiliwa. Programu za takwimu zilizoibwa ndizo mlango mkubwa kwa wanafunzi wa tiba, na hazina ulazima: PSPP na R ni za bure kihalali, zinafanya hesabu za tasnifu nyingi, na ya kwanza huendeshwa hata na kompyuta dhaifu.

Wengi huzima masasisho kwa sababu yanakula bando. Malalamiko hayo ni ya haki, lakini dawa yake ipo: katika mipangilio ya mtandao iambie Windows kwamba muunganisho wa simu ni wa kulipiwa kwa kiasi, nayo itaahirisha mapakuzi mengi makubwa, halafu sasisha ukiwa kwenye mtandao wa chuo. Kuyazima moja kwa moja kuna gharama ambayo hospitali zinaijua. Mwezi Machi 2017 Microsoft ilitoa sasisho la kuziba ufa mmoja wa Windows. Miezi miwili baadaye programu hasidi ya WannaCry ilipita katika ufa huohuo kwenye kompyuta ambazo hazikusasishwa, na katika Uingereza ofisi ya ukaguzi wa taifa ilikadiria kwamba zaidi ya miadi 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Kuanzia tarehe 14 Oktoba 2025 Windows 10 nayo imeacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure. Kompyuta nyingi za mtumba haziwezi kupokea Windows 11. Kwa mwenye mashine hiyo, mfumo wa Linux ulio mwepesi ni njia ya kufikiriwa kwa dhati, ingawa atahitaji mwenzake wa kumwonyesha wiki ya kwanza.

Kitu kimoja cha kununua

Ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba diski ndiyo yenye tatizo, nayo ni ya kuzunguka, usafi wote uliotajwa utasaidia kidogo tu. Diski ya kawaida ya kompyuta mpakato huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mzunguko mmoja kwa takribani milisekunde 11. Kwa kuwa msomaji wake lazima asogee na kungoja data ipite chini yake, anaweza kuchukua vipande vilivyotawanyika visivyofikia mia moja hivi kwa sekunde. Diski ya SSD haina kinachozunguka, huchukua maelfu. Windows huhitaji vipande vingi mno ili iwake, na ndiyo maana mashine ya miaka kumi ikibadilishiwa diski huonekana kama imezaliwa upya. Mwenye fedha za jambo moja tu alinunue hilo kabla ya RAM, isipokuwa kumbukumbu yake ni chini ya gigabaiti 4. Diski ya SSD isipangwe upya vipande kwa programu za zamani za kazi hiyo. Haihitaji, na huchakazwa bure.

Hapa ndipo mgonjwa anaporudi katika habari hii. Kompyuta ya mwanafunzi wa tiba ina picha za vidonda, za eksirei, majedwali ya utafiti yenye majina na namba za faili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Mgonjwa anayepigwa picha kwa ajili ya mafunzo ana haki ya kuuliza picha itakaa wapi na kwa muda gani, na mwanafunzi anayeshindwa kulijibu swali hilo hapaswi kupiga. Majina yaondolewe katika majedwali mapema, na ufunguo unaounganisha namba na majina ukae kwa msimamizi wa utafiti. Hifadhi ya mtandaoni ya binafsi, inayofaa kwa tasnifu, haifai kwa data ya mtu mwingine.

Kufuta hakutoshi pia. Faili linapofutwa katika diski ya kuzunguka, kinachoondolewa ni anwani yake tu. Maandishi hubaki mpaka yaandikiwe juu. Watafiti wawili wa chuo cha MIT, Marekani, walinunua diski 158 za mtumba na kuchapisha matokeo mwaka 2003: kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu ndizo zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyingine walikuta maelfu ya namba za kadi za benki pamoja na kumbukumbu za tiba za watu. Soko la namna hiyohiyo ndilo linalotuletea kompyuta za mtumba hapa, na ndilo tunalozirudishia tunapoziuza.

Kwa hiyo kabla ya kumpelekea fundi mashine, hamisha data za wagonjwa kwenye diski ya nje iliyosimbwa kwa nywila, na kama ukarabati ni mfupi kaa naye hadi amalize. Fundi mwaminifu haoni vibaya. Kabla ya kuuza, tumia chaguo la Windows la kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, na uchague lile linalosafisha diski nzima, hata kama litachukua saa kadhaa. Ukibadilisha diski, ya zamani haibaki dukani kama sehemu ya malipo, hata ukiahidiwa punguzo. Iombe, itie katika bahasha, uondoke nayo.